Jinsi ya kuchagua mita sahihi ya gesi kwa nyumba na viwanda

Mita ya gesi ni chombo cha kupimia ujazo wa gesi inayopita kwenye bomba ili mtumiaji alipie kile alichotumia. Ni mizani ya biashara kama ilivyo mizani ya duka la nafaka. Ikiwa kubwa mno haioni matumizi madogo, ikiwa ndogo mno huchakaa mapema, na ikisomwa bila kuzingatia mgandamizo na joto, mmoja kati ya muuzaji na mnunuzi hupata hasara kila mwezi bila kujua.

Katika ukanda wa Afrika Mashariki soko la mita hizi lina sura mbili. Tanzania ina gesi asilia ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Wateja wa gesi hii ni mitambo ya umeme, viwanda, hoteli na baadhi ya nyumba. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hutegemea zaidi gesi ya kupikia ya LPG, ambayo hushushwa kwenye bandari za Mombasa, Dar es Salaam na Tanga kisha husafirishwa kwa malori. Huko mita huhitajika kwenye majengo ya ghorofa yenye tangi moja linalohudumia wapangaji wengi, kwenye hoteli na shule, na kwenye huduma za kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu.

Mfanyabiashara anayeagiza mita bila kujua zitapima gesi ipi, kwa mgandamizo gani na katika mji upi, anaweza kushusha kontena zima la bidhaa ambayo fundi hawezi kuifunga.

Aina za mita na mahali zinapofaa

Mita ya kiwambo. Hii ndiyo mita ya kawaida ya nyumbani. Ndani yake kuna vyumba vyenye viwambo laini vinavyojaa gesi na kuitoa kwa zamu, na kila mzunguko husogeza namba za kaunta. Ni ya bei nafuu, haihitaji umeme na hupima vizuri hata matumizi madogo. Hutengenezwa kwa mgandamizo mdogo, na nyingi za nyumbani mwisho wake ni baa 0.5. Zipo kubwa za hoteli na viwanda vidogo, lakini kadiri zinavyokua huwa nzito na huchukua nafasi kubwa.

Mita ya rotari. Hutumia rota mbili zenye umbo la namba nane zinazozunguka kwa kushikana ndani ya chemba ya chuma. Hufaa kiwanda cha kati, kiwanda cha mikate, dobi kubwa au boila. Faida yake ni kupima kwa usahihi kuanzia matumizi madogo hadi makubwa, na haihitaji kipande kirefu cha bomba lililonyooka mbele yake. Udhaifu wake ni uchafu. Vumbi au masalia ya kuchomelea vyuma yakiingia kati ya rota, mita hukwama na gesi hukatika. Kwa hiyo hufungwa pamoja na chujio, na kiwanda kisichoweza kusimama huweka bomba la pembeni lenye vali iliyofungwa kwa lakiri.

Mita ya turbaini. Gesi huzungusha gurudumu lenye mapanga. Hufaa matumizi makubwa yasiyobadilika sana, kama kiwanda cha saruji au mtambo wa umeme. Haifai mahali ambapo moto huwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa sababu gesi inapokatwa gurudumu huendelea kuzunguka kwa muda na mteja huandikiwa gesi ambayo haikupita. Aidha, huhitaji bomba lililonyooka mbele yake, kwa urefu unaotajwa na mtengenezaji.

Mita ya altrasoniki. Hupima muda ambao mawimbi ya sauti hutumia kusafiri pamoja na mkondo wa gesi na kinyume chake. Haina kipande kinachozunguka, hivyo haichakai kwa namna hiyo. Zipo ndogo za nyumbani zinazotumia betri, na zipo kubwa za mabomba makuu. Bei yake iko juu na huhitaji fundi anayeielewa.

Mita ya Koriolisi. Hii hupima uzito wa gesi moja kwa moja badala ya ujazo. Hutumika kwenye vituo vya kujazia magari gesi iliyogandamizwa, ambako mauzo hufanyika kwa kilo.

Maana ya herufi G

Mita za kiwambo, rotari na turbaini zinazofuata viwango vya Ulaya hutambuliwa kwa herufi G na namba. Namba hiyo hutaja mita za ujazo kwa saa katika matumizi ya kawaida, na kiwango cha juu kabisa huwa kikubwa zaidi kidogo:

- G1.6: mwisho ni mita za ujazo 2.5 kwa saa
- G2.5: mwisho ni 4
- G4: mwisho ni 6
- G6: mwisho ni 10
- G10: mwisho ni 16
- G16: mwisho ni 25
- G25: mwisho ni 40
- G40: mwisho ni 65
- G65: mwisho ni 100
- G100: mwisho ni 160
- G160: mwisho ni 250

Kila mita ina kiwango cha chini pia, ambacho wanunuzi wengi hukisahau. Mita ya kiwambo ya G4 kwa kawaida huanzia mita za ujazo 0.04 kwa saa, na G1.6 huanzia 0.016. Chini ya hapo mtengenezaji hatoi dhamana ya usahihi. Kwa mita za daraja la 1.5, kosa linaloruhusiwa wakati wa uhakiki wa mwanzo ni asilimia 1.5 juu au chini katika sehemu kubwa ya upimaji, na asilimia 3 karibu na kiwango cha chini.

Hesabu ya nyumbani

Hatua ya kwanza ni kujumlisha nguvu ya vifaa vyote vinavyoweza kuwashwa kwa pamoja. Namba hiyo huandikwa kwenye kibao cha kifaa kwa kilowati. Hatua ya pili ni kuigawa kwa nishati iliyomo ndani ya mita moja ya ujazo. Kwa makadirio ya haraka, mita moja ya ujazo ya gesi asilia hutoa kilowati-saa 10 hivi. Mvuke wa LPG hutoa kilowati-saa 28 hivi, kwa sababu ni mzito na una nishati nyingi zaidi kwa ujazo uleule.

Chukua nyumba yenye jiko la mafiga manne na oveni, jumla kilowati 10, pamoja na hita ya maji ya kilowati 20. Kwa gesi asilia nyumba hii itatumia mita za ujazo 3 kwa saa vyote vikiwaka. G2.5 inatosha, na G4 inaacha nafasi ya kuongeza kifaa.

Chukua sasa mpangaji wa ghorofa mwenye jiko hilohilo la kilowati 10 bila hita, anayetumia LPG. Moto wote ukiwaka hutumia mita za ujazo 0.36 tu kwa saa. Akibaki na figa moja dogo la nusu kilowati linalochemsha maharage kwa moto mdogo, matumizi hushuka hadi 0.018. Kiwango hicho ni chini ya nusu ya mwanzo wa upimaji wa G4, lakini kiko ndani ya uwezo wa G1.6. Mwenye nyumba aliyefunga G4 kwenye vyumba 40 kwa kuwa ndiyo iliyokuwa dukani anaweza kukuta jumla ya mita za wapangaji haifikii gesi iliyotoka kwenye tangi, akaanza kushuku wizi au uvujaji.

Ni lazima pia mita iwe imetengenezwa kwa gesi husika. Gesi asilia na LPG ni familia mbili tofauti, na kiwambo kinachostahimili moja si lazima kistahimili nyingine kwa miaka mingi. Muuzaji aombwe waraka unaotaja LPG kwa jina, si maneno "gesi zote" kwenye tangazo.

Hesabu ya kiwandani

Kwa kiwanda, jambo la kwanza kuuliza ni mgandamizo wa gesi mahali mita itakapofungwa. Gesi hubanwa. Mita huona nafasi iliyochukuliwa na gesi, wala haioni kiasi halisi kilichobanwa ndani ya nafasi hiyo. Ndiyo maana mauzo ya viwandani hubadilishwa kwenda hali ya kawaida, ambayo mara nyingi ni nyuzi 15 za Selsiasi na mgandamizo wa baa 1.013.

Chukua boila yenye bana ya kilowati 1,700. Mahitaji yake ni mita za ujazo 170 za kawaida kwa saa. Kwa joto la gesi la nyuzi 30, kama ilivyo kawaida mwambao wa pwani, hesabu inakuwa hivi:

- Mgandamizo wa milibaa 25: mita itaona 175 kwa saa. Inahitajika G160.
- Mgandamizo wa baa 1: mita itaona 90 kwa saa. G65 itakuwa imebanwa kwa asilimia 90, hivyo G100 ni salama zaidi.
- Mgandamizo wa baa 3: mita itaona 45 kwa saa. G40 inatosha, ikifanya kazi kwa asilimia 69.

Boila ni ileile, lakini mita zimekuwa tatu zenye bei tofauti. Muuzaji anayetoa bei kwa kuambiwa tu kwamba "kiwanda kinatumia mita 170 kwa saa" anabahatisha. Mafundi wengi hulenga matumizi ya juu yawe kati ya asilimia 60 na 80 ya mwisho wa mita, ili kubaki nafasi ya kukua bila kupoteza usahihi wa chini.

Kwa mgandamizo mkubwa huongezwa kirekebishi cha ujazo. Hiki ni kifaa cha kielektroniki kinachosoma mgandamizo na joto kisha kufanya hesabu chenyewe. Umuhimu wake unaonekana kwa mfano mmoja. Kwa mgandamizo wa baa 4 juu ya hewa na joto la nyuzi 30, mita za ujazo 100 zilizoandikwa kwenye kaunta ni sawa na mita za kawaida 470. Bila marekebisho, muuzaji angelipwa chini ya robo ya gesi aliyotoa.

Mwinuko wa mji hubadilisha bei

Jambo hili huwagusa hasa wanaouza mita kwa nchi zaidi ya moja. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Nairobi iko juu kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ina mgandamizo wa baa 0.83 hivi badala ya 1.01. Regulata ya jiko huongeza milibaa 30 juu ya hewa ya mahali ilipo, kwa hiyo gesi ndani ya bomba la Nairobi imebanwa kidogo kuliko ya pwani.

Tuseme gesi ni mchanganyiko wa nusu propani na nusu butani kwa ujazo. Mita moja ya ujazo kwenye kaunta ya Dar es Salaam, kwa nyuzi 28, ni kama kilo 2.2 za gesi. Nairobi, kwa nyuzi 20, ni kama kilo 1.8. Mwenye jengo hununua kwa kilo na kuuza kwa mita za ujazo. Akitumia Nairobi jedwali lililoandaliwa kwa Dar es Salaam, mpangaji aliyetumia mita za ujazo 100 atatozwa kilo 33 hivi ambazo hakuzipata. Huo ni zaidi ya ujazo wa mitungi miwili ya kilo 15. Kampala, Kigali na Arusha nazo ziko juu, kila moja kwa kiwango chake. Kiwango cha kubadilisha kutoka mita za ujazo kwenda kilo kipigiwe hesabu kwa mji husika na kiandikwe kwenye mkataba.

Mita za malipo ya kabla

Mita hizi hufanya kazi kwa mtindo unaofanana na LUKU ya umeme: mteja hulipa kwanza, vali hufunguka, na salio likiisha hufunga. Nyingine hufungwa kwenye mtungi wenyewe, na mteja hulipa kwa simu kadiri anavyopika. Kabla ya kuagiza, mfanyabiashara aulize mambo manne. La kwanza ni muda wa betri na kama inabadilishwa bila kuvunja lakiri. La pili ni mtandao unaotumika na kama masafa yake yanaruhusiwa katika nchi hiyo. La tatu ni nini hutokea betri ikiisha: vali ibaki imefungwa, isiachwe wazi. La nne ni nani anamiliki mfumo wa kutoa tokeni. Mita elfu moja ambazo tokeni zake hutolewa na kompyuta ya kampuni ya ng'ambo hubaki vyuma vitupu siku kampuni hiyo ikifunga milango.

Viunganishi, kibao na uhakiki

Umbali kati ya mdomo wa kuingiza na wa kutolea hutofautiana. Kuna mita za nyumbani zenye milimita 110, 130, 152.4 na 250. Nyuzi za kufungia nazo hutofautiana, na upande wa kuingilia gesi unaweza kuwa kushoto au kulia. Oda iandikwe namba hizi zote, na sampuli moja ifungwe na fundi kabla ya kulipia mzigo mzima.

Kwenye kibao cha mita yatafutwe: jina la mtengenezaji, namba ya mita, mwaka, ukubwa wa G, viwango vya chini na juu, mgandamizo wa mwisho, nyuzi za joto, daraja la usahihi na namba ya kibali cha modeli. Mita zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na alama ya CE ikifuatiwa na herufi M na tarakimu mbili za mwaka. Alama hiyo ni dalili nzuri, lakini haichukui nafasi ya uhakiki wa nchi inakouzwa.

Tanzania, vipimo vya biashara husimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na ubora wa bidhaa husimamiwa na TBS. Kenya, kuna Idara ya Vipimo na Mizani chini ya Sura ya 513, na KEBS kwa upande wa viwango. Uganda, kazi zote mbili ziko UNBS. Nchi hizi tatu zina utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mzigo usio na cheti huweza kukwama au kutozwa faini bandarini.

Mita zilizotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia. Hasara yake ni kwamba kiwambo kilichokaa miaka kikavu hukakamaa, na ndani ya mita kunaweza kuwa na masalia ya gesi. Mita ya namna hii isipofanyiwa uhakiki upya na kupata lakiri mpya haifai kwa biashara.

Mpakani na barabarani

Mita za gesi huingia kwenye kifungu cha forodha 9028.10. Mita za maji ni 9028.20, za umeme ni 9028.30, na vipuri ni 9028.90. Regulata za kupunguza mgandamizo ziko 8481.10. Ankara inayojumlisha vyote kama "vifaa vya gesi" ni chanzo cha ucheleweshaji. Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014, ushuru wa mzigo unaoenda nchi mwanachama hulipwa nchi ya mwisho kabla mzigo haujaondoka bandarini. Zambia na Malawi ziko nje ya Himaya hiyo, hivyo mzigo wa huko husafiri kama transiti.

Kwa msafirishaji, mita ni bidhaa ya kioo ingawa mwili wake ni chuma. Vizibo vya midomo visitolewe mpaka siku ya kufunga, kwa sababu vumbi la barabarani ndilo linalokwamisha rota. Mita za kiwambo zisafiri zimesimama, maboksi yasipandishwe zaidi ya idadi iliyoandikwa, na maji yasiwafikie. Mita za rotari husafirishwa bila mafuta ndani, na mafuta hutiwa baada ya kufungwa. Mita za kielektroniki zenye betri za lithiamu huangukia namba UN 3091 ya bidhaa hatari, jambo ambalo wakala wa usafiri wa ndege lazima aambiwe mapema.

Wakati wa kupokea, lakiri zihesabiwe moja moja na zinazokosekana ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla ya kusaini. Mita yenye lakiri iliyovunjika hurudi kwenye uhakiki, na gharama hiyo humwangukia aliyesaini bila kuangalia.

Maswali ya kumuuliza mteja kabla ya kutoa bei

1. Ni gesi asilia au LPG?
2. Matumizi ya juu na ya chini kwa saa ni kiasi gani?
3. Mgandamizo mahali pa mita ni upi, na joto ni nyuzi ngapi?
4. Mji uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi gani?
5. Moto huwaka mfululizo au huwashwa na kuzimwa?
6. Umbali wa midomo, nyuzi na upande wa kuingilia ni upi?
7. Nani atafanya uhakiki, na gharama ni ya nani?

Mteja akishindwa kujibu swali la pili na la tatu, fundi aende kwanza kupima na kusoma vibao vya vifaa. Safari hiyo ya siku moja ni nafuu kuliko kurudisha mita 200 kutoka Kigali.